Saa Nne Iko Upande Gani

Nyumbani kwa nahodha wa kivuko kulikuwa na viti vinne, na majirani walisema viti vile wajukuu watavirithi vikiwa vipya, kwa sababu mwenye nyumba hakuwahi kuvichosha. Alikula amesimama. Alivaa viatu huku anatembea, mguu mmoja umeshaingia, mwingine unatafuta mlango. Akipiga simu alitoka nayo sebuleni, akapita jikoni, akaizunguka kamba ya nguo uani, akarudi. Na mtu wa upande wa pili alisikia mara sufuria, mara kuku, mara watoto wa jirani, akadhani amepigiwa na soko zima.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule pale dirishani penye mwanga, na tangu waoane alikuwa na neno moja kwa mumewe: "Tulia." Alilisema pini zikiwa mdomoni, bila kuinua kichwa, kama mtu anayemkemea paka. Watoto wakalidaka, majirani wakalidaka kwa watoto, mabaharia wakalidaka kwa majirani. Mwisho hata abiria wa kivuko walimwita Nahodha Tulia, na wageni wakadhani ni sifa.

Lakini msimcheke bado. Majini ugonjwa wake ulikuwa dawa. Kivuko kile kilivuka mlango mpana wa maji, kutoka gati la sokoni hadi gati la ng'ambo, kinakwenda na kurudi kutwa nzima kama sindano ya mkewe. Maboti yalikatiza mbele yake bila hodi, na nahodha aliyekaa kitini huona upande mmoja tu. Huyu wetu alikuwa huku na kule chumbani mwa usukani, dirisha hadi dirisha, na hakuna kilichompita. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yeye ngama, tumbo la chombo, hakuijua. Alijua tezi na omo, nyuma ya chombo na mbele ya chombo, na njia iliyo katikati.

Kilichomshinda kilikuwa ukungu. Kanuni ya ukungu imetungwa na mtu mwenye subira: punguza mwendo, piga honi ndefu, pumzika kidogo, piga tena, weka mtu wa kusikiliza kule omo, mbali na kelele za injini, na ukisikia honi ya mwenzako mbele yako, na hujui anaelekea wapi, simama. Usikisie. Nahodha Tulia aliijua kanuni hiyo kama jina la mama yake na aliifuata. Ila kila mara aliifuata kama mtu anayemeza kidonge kikavu.

Mtu wake wa kule omo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Shemeji huyu alikuwa fundi wa saa. Alikuwa na kibanda cha vioo, chenye taa moja ndogo, na lenzi ilikaa jichoni mwake hata akienda kununua mkate. Simu zilipoingia mifukoni, saa zikatoka mikononi, na kibanda kikabaki na fundi peke yake anazitengeneza zile zile alizozitengeneza jana. Dada mtu akamwonea huruma, akamwendea mumewe.

"Mdogo wangu ana masikio," alimwambia.

"Hata punda anayo."

"Huyu anasikia saa inayougua ikiwa chumba cha pili. Wewe si unatafuta mtu wa kusikiliza? Utapata wapi masikio ya namna hiyo?"

Nahodha akamchukua. Mabaharia wakamwita Fundi Saa, na yeye na shemeji yake wakawa wanataniana kutwa, mmoja akimtisha mwenzake kwamba atamrudisha dada yao nyumbani, mwingine akimwambia mrudishe uone utakula nini hapo ulipo umesimama.

Siku ya kwanza kazini, nahodha alimfundisha. "Ukungu ukija nitakupa redio ya mkononi, uende omo. Usiniambie kulia au kushoto tu. Kulia ni kubwa, inaanzia puani inaishia kisogoni. Niambie kwa saa. Chukulia kivuko ndiyo uso wa saa, na omo ndiyo juu. Sauti ikitoka mahali, unaniambia saa kadhaa, mimi najua. Saa lakini unaijua?"

Fundi Saa akaiondoa lenzi jichoni taratibu. Alikuja nayo hata siku ile.

"Shemeji," alisema, "unaniuliza mimi kama naijua saa?"

Mabaharia wakacheka mpaka mmoja akaangusha kamba majini. Nahodha naye akacheka, akampiga begani, na darasa likaishia hapo. Kicheko kile ndicho kilichotaka kukizamisha kivuko.

Kwa muda mrefu halikuonekana tatizo. Siku za jua Fundi Saa alinyoosha kidole na nahodha alikiona kupitia kioo; kidole hakina lugha. Kisha yakaja majira ya baridi, na asubuhi moja watu waliamka wakakuta ng'ambo haipo. Gati la sokoni lenyewe liliishia katikati, kama sentensi iliyokatwa.

Walisubiri kidogo, ukungu ukapungua, abiria wakaanza kunung'unika, kivuko kikaondoka. Walipofika katikati ya maji ukarudi wote kwa pamoja. Nahodha akapunguza mwendo. Akafungua madirisha. Akapiga honi. Rada ilikuwepo, ila ilikuwa ya zamani, na maji ya karibu iliyachora kama uji mweupe. Boti la mbao likiingia ndani ya uji ule, lilipotea humo. Kwa hiyo alibaki na masikio, na masikio yalikuwa kule omo.

Redio ikakoroma. "Honi. Saa nne."

Na yeye alikuwa ameisikia, mbali, chini ya mngurumo wa injini, ila hakujua inatoka wapi. Ukungu huicheza sauti. Nne, akasema moyoni. Nne ni kulia, tena nyuma ya ubavu. Huyo ameshatupita. Mtu asiyependa kusimama, akipewa ruhusa ya kwenda, haulizi mara mbili. Hakusimama. Akaupindisha usukani kushoto kidogo, ampe nafasi zaidi huyo aliyeko nyuma.

"Nne," redio ikasema tena. "Nne bado. Imekaribia."

Imekaribia kwa nyuma, alifikiri. Anatufuata, basi tusimzuie. Akaongeza kushoto.

"Shemeji, nne! Hapa, hapa mbele!"

Neno "mbele" ndilo lililomwamsha. Alivuta injini kinyume hadi sakafu ikatetemeka, na ndani ya weupe, upande wa kushoto, likatokea boti la mchanga, la mbao, limejaa hadi mdomoni, na juu ya lundo la mchanga amesimama mtu mwenye koleo ambaye hakupiga hata kelele, alifungua kinywa tu. Vyombo viwili vikapishana. Abiria mmoja alisema baadaye kwamba angetaka angemwazima yule mtu kiberiti. Ndani ya kivuko watu waliangukiana, kikapu cha nyanya kikamwagika, mtoto akalia. Hakuumia mtu. Ila kwa yule nahodha, sura ya mtu wa koleo iliingia kichwani ikakataa kutoka.

Gatini aliwashusha abiria kwanza. Kisha akamfuata shemeji yake.

"Uliniambia chombo kiko nyuma."

"Mimi? Neno nyuma halijatoka mdomoni mwangu."

"Ulilisema. Mara mbili."

"Nilikwambia kilipo, ukakielekea. Nikasema labda shemeji kaona kitu nisichokiona mimi."

"Usinifanye mjinga mbele ya mabaharia wangu."

"Na wewe usinifanye mwongo mbele ya maji haya."

Hakuna aliyetania. Mabaharia wakajifanya wanakunja kamba ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Msimamizi wa gati alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, ambaye mabaharia walimwogopa kuliko dhoruba. Alikuwa ameshawasikia abiria. Alimwita nahodha dirishani kwake.

"Yule wa omo ni shemeji yako," alisema. "Nilikubali kwa sababu yako. Sasa niambie: alikosea yeye au ulikosea wewe? Kama ni yeye, ashuke leo, nipate mtu mwingine. Sitaki undugu ndani ya ukungu. Nipigie kabla sijafunga ofisi."

Nahodha akaenda nyumbani, akaanza kutembea.

Dirisha hadi mlango, mlango hadi jikoni. Ikiwa atasema amekosea shemeji, Fundi Saa atarudi kwenye kibanda chake cha vioo, na mkewe hatamlaumu kwa neno lolote, atashona tu, na mshono ule atausikia mpaka uzeeni. Ikiwa atamtetea, na kweli mtu yule hasikii vizuri, basi mara nyingine boti la mchanga halitakosa shabaha. Abiria mia kwa mshono mmoja. Alikwenda, akarudi. Zulia lilikuwa na njia yake katikati, kama njia ya mbuzi.

"Tulia, baba," mkewe alisema. "Unanipulizia vitambaa."

Hodi ikapigwa, akaingia Fundi Saa mwenyewe. Hakukaa mpaka alipoambiwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, lenzi anaizungusha kiganjani.

"Dada, shemeji, nimekuja kusema naiacha kazi," alisema. "Sitaki nyumba yenu iingie ukungu kwa ajili yangu. Ila nasema mbele yenu, nilisikia sawasawa, nikasema sawasawa. Zaidi ya hapo sina."

Miguu ya nahodha ilimjibia: dirisha, mlango, dirisha.

Mkewe akaona hewa imekuwa nzito, akatafuta neno la kawaida la kuipasua. "Nina mteja anakuja saa kumi kuchukua sare," alisema, mgongo ameupa ukuta. "Hebu nitazamieni, saa ngapi hiyo?"

Ukutani ilikuwepo saa ya duara, zawadi ya arusi kutoka kwa mdogo mtu, haijawahi kukosea. Nahodha aliitupia jicho akiwa anapita.

"Tisa," alisema.

Akapiga hatua mbili. Kisha akasimama.

Alisimama kweli. Mkewe aliusikia ule ukimya wa nyayo, akageuka na pini zote mdomoni.

"Unaumwa?"

"Shemeji," nahodha alisema, jicho halibanduki ukutani. "Huo mshale mfupi umelala upande gani?"

Fundi Saa akatazama, asielewe. "Kulia."

"Ungekuwa ni honi, na wewe uko omo, ungeniambiaje?"

"Ningekwambia tisa. Si ndiyo saa tisa hiyo? Wewe mwenyewe umesema."

"Na mimi ningegeuza kichwa kushoto."

Wakatazamana. Kule nje mtu alikuwa anauza mafuta ya taa, anapita anaita, na walimsikia mpaka akakata kona.

Nahodha akaisogelea saa, akaweka kidole. Alieleza taratibu, kama anajieleza mwenyewe. Ujana wake aliufanya kwenye meli kubwa, na wenzake wa lugha saba. Kule saa ya kuonyeshea upande ilisomwa kwa namba iliyoandikwa. Pale juu pameandikwa kumi na mbili, basi mbele ni kumi na mbili. Kulia pameandikwa tatu, basi kulia ni tatu. Nyumbani alisoma saa kama mama yake alivyomfundisha, kazini aliisoma kama meli ilivyomfundisha, na saa hizo mbili zilikaa ndani ya kichwa kimoja miaka yote bila kusalimiana.

"Tazama hapa mshale ulipo. Sisi tunasema tisa. Pameandikwa nini?"

"Tatu," alisema Fundi Saa. "Lakini shemeji, nani anasoma kilichoandikwa?"

Hapo mkewe alitema pini kiganjani, maana kicheko kingemmezesha.

"Kwa hiyo nne yangu," Fundi Saa aliendelea, na sauti ikaanza kumshuka, "ilikuwa kushoto mbele."

"Na nne yangu mimi ni kulia nyuma. Uliniambia yuko wapi, mimi nikasikia ameshapita. Kila ulivyosema nne, nilizidi kumwendea."

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," mkewe alisema. Alikuwa hacheki tena. "Nyinyi mmejikwaa ulimi na roho za watu mgongoni. Amri ya saa aliitoa nani?"

"Mimi."

"Ukamwambia akurudishie maneno, ujue ameelewa nini?"

"Nilimwuliza kama anaijua saa."

"Yaani umemkuta fundi saa, ukamwuliza kama anaijua saa, ukaona umefundisha."

Nahodha akachukua simu, akatoka uani. Waliobaki ndani walimwona anaizunguka kamba ya nguo, anapita chini ya shuka, anatokea, anapotea. Alimweleza msimamizi yote.

"Sasa kosa la nani?" msimamizi aliuliza.

"Langu. Amri niliitoa nusu. Na nilipoisikia nne sikumrudishia neno nihakikishe, kwa sababu jibu lile nilikuwa nalitaka."

"Ukungu wa kesho upo, wanasema. Nitapanda mwenyewe. Nikisikia kitu chochote nisichokielewa, mnashuka wote wawili, wewe na shemeji yako na saa zenu."

Ndani, nahodha alipendekeza watumie namba zilizoandikwa. Fundi Saa akakataa, na alikataa kwa adabu lakini alikataa. "Leo nitakubali, shemeji. Ila nikishtuka, ulimi utakimbilia kwao. Nimeisoma saa hivi tangu nilipoota meno."

Nahodha akafikiri, akaona na wa kwake utakimbilia kwao vilevile. Saa ikafutwa. Wakachagua maneno ya kuongozana mawili mawili: kulia mbele, kulia ubavuni, kulia nyuma, na kushoto vivyo hivyo. Na kila neno la omo, nahodha alirudie, aongeze na atakachofanya.

Kisha wakayafanyia mazoezi. Fundi Saa alikaa katikati ya sebule, macho amefumba, uso mlangoni. Dada yake alizunguka nyuma ya viti na sufuria, anaigonga kwa tondoo, kile kifuniko cha chuma anachovaa kidoleni akishona. Nahodha alisimama jikoni, ambako haoni kitu.

"Kushoto nyuma," aliita Fundi Saa.

"Nimesikia kushoto nyuma. Naendelea polepole."

"Kulia mbele."

"Nimesikia kulia mbele. Nasimama."

Mteja wa sare alisukuma mlango, akamkuta fundi cherehani ana sufuria, fundi saa amefumba macho, na nahodha anapiga honi kwa mdomo kutoka jikoni. Akasema atarudi kesho.

Asubuhi yake ukungu ulikuwepo, tena wa kukatwa kwa kisu. Msimamizi alipanda, akaketi nyuma ya usukani kwenye kiti ambacho nahodha hakuwahi kukitumia, mkoba mapajani. Waliondoka polepole. Honi ilikwenda, haikurudi na kitu. Ilikwenda tena.

Katikati ya maji redio ikakoroma.

"Honi. Kushoto mbele."

Nahodha alihisi miguu yote miwili inataka kwenda mahali. "Nimesikia kushoto mbele. Nasimama."

Akaishusha injini mpaka ikatulia. Kivuko kikapoteza mwendo, maji yakaacha kuongea ubavuni. Alipiga honi mbili ndefu, zinazosema: nipo, ila siendi. Kisha ikabaki ile kazi isiyo na kazi. Weupe kila upande. Alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, kwa sababu angeiachia angetembea, na angetembea mkono ungefika kwenye injini.

Abiria mmoja akaita kutoka chini. "Nahodha, tumefika?"

"Bado."

"Sasa mbona tumesimama?"

"Ndiyo maana hatujafika."

Wakacheka huko chini, ila kidogo.

"Honi," redio ikasema. "Kushoto mbele. Imekaribia."

"Nimesikia kushoto mbele, karibu. Nimesimama."

Kila kitu mwilini kilimwambia ageuze kulia, asogee nyuma, afanye kitu chochote mradi kiwe kitu. Aliuma meno. Mbele ya macho alikuwa na yule mtu wa koleo, kinywa wazi.

"Mbele," ilisema redio, kwa sauti ndogo. "Mbele kabisa. Inakatiza."

"Nimesikia mbele, inakatiza. Nimesimama."

Boti la mchanga likatoka ndani ya weupe, likapita mbele ya omo kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, limezama kwa mzigo kama la jana. Huenda lilikuwa lile lile. Mtu aliyesimama juu ya mchanga aliinua koleo kidogo, kama mtu anayesalimia msibani, akapotea.

"Kulia mbele."

"Nimesikia kulia mbele. Nasubiri."

"Kulia ubavuni." Kisha, baada ya muda ambao nahodha aliona mrefu kuliko ndoa yake: "Kulia nyuma. Inakwenda."

"Nimesikia kulia nyuma. Naondoka polepole."

Injini ikainuka. Nyuma yake msimamizi wa gati aliufungua mkoba, akatoa leso, akajifuta shingo, akaufunga.

"Nimeelewa kila neno," alisema.

Walipofunga kamba ng'ambo na abiria kushuka, nahodha aliteremka gatini, na miguu yake ikadai haki yake. Alilitembea gati lile kwenda na kurudi, mpaka wapakuzi wakamkwepa. Fundi Saa akakaa juu ya nguzo ya kamba, anamtazama akipita.

"Shemeji," alimwita, redio bado mkononi. "Saa ngapi hivi sasa?"

Nahodha akafungua kinywa, akainua macho hadi saa ya gati, akafunga kinywa.

"Muulize mwingine," alisema, akapita.